Nusu ya Kifaru

Siku za mnada hapa Karatu huwa napita kwa makusudi upande wa wazee wanaouza ugoro. Sinusi ugoro, wala sina mpango wa kuanza. Nasimama tu, navuta hewa yenye tumbaku iliyosagwa pamoja na magadi, napiga chafya, wazee wananicheka, kisha naendelea na safari yangu ya nyanya na maharage. Wanadhani mimi ni mama mwenye vituko. Ninyi nitawaambia ukweli. Harufu ile inanirudishia kimfuko cha ngozi nilichovalishwa shingoni nikiwa msichana wa darasa la tatu, watu wazima wawili walionikodolea macho kwa sababu yake, na hofu ambayo sijaipata tena hata siku za kujifungua wanangu.

Kimfuko kilikuwa cha babu, mzaa baba. Babu aliishi Malambo, lakini ujanani alifanya kazi ya kuwalinda vifaru kule Kreta, kwenye hifadhi ya wanyama, na hadi uzeeni aliwazungumzia kama majirani waliohama bila kuaga. Alipoacha kazi alirudi kwa ng'ombe wake na kimfuko kile. Juu kulikuwa na ugoro. Chini ya ugoro kulikuwa na vitu vitatu vya duara ambavyo sisi wajukuu tulionyeshwa siku moja moja, akiwa na furaha.

Cha kwanza kilikuwa sarafu kubwa nyeupe, nzito mkononi, yenye picha ya kifaru. Ilitengenezwa kwa ajili ya kuwakumbuka wanyama wetu, na babu alipewa na mgeni aliyekuwa amemwonyesha kifaru mwenye mtoto. Cha pili kilikuwa medali ya Uhuru, ya manjano, yenye mwenge, na iling'aa kuliko kitu chochote nilichokijua. Cha tatu kilikuwa medali ya zamani kabisa ya mfalme wa Kiingereza, nyekundu iliyokwisha kuwa nyeusi, ina tundu juu ya kichwa cha mfalme. Bibi ndiye aliyeitoboa. Aliitundika kwenye shanga zake miaka yote ya ndoa yake, na alipofariki babu akairudisha mfukoni.

"Babu, thamani yake ni kiasi gani?" tulimwuliza.

"Nyingi," akajibu, akaurudisha ugoro juu yake. Jibu hilo moja ndilo lililokuja kutuletea matatizo yote.

Kuna jambo jingine la babu ambalo sina budi kulisema hapa. Alikuwa na rafiki wa Piyaya, mzee mrefu mwenye kikohozi, na hawa wawili hawakuitana kwa majina. Babu alimwita Pakiteng, na yule mzee naye alimwita babu Pakiteng. Nilidhani ni majina yao yamegongana. Baba ndiye aliyenieleza kwamba kwa Wamaasai, mtu akikupa ng'ombe kwa moyo wake, kuanzia siku hiyo mnaitana kwa zawadi ile. Wa ng'ombe wanaitana Pakiteng, wa kondoo wanaitana Paker, na jina hilo haliondoki hadi mmoja wenu azikwe. Ni jina la marafiki na wakwe, watu waliotoka nyumba tofauti wakataka kufungamana. Nilipomwuliza yeye na baba mdogo wanaitanaje, alicheka sana.

"Sisi tumetoka tumbo moja," alisema. "Tupeane nini tena?"

Babu alifariki mwanzoni mwa ukame. Ng'ombe waligawanywa bila neno, maana ng'ombe wana utaratibu wao unaojulikana tangu zamani, nani achukue yupi na kwa sababu gani. Lakini kimfuko hakikuwa na utaratibu. Wazee wa boma walimwaga vile vitu vitatu juu ya ngozi, wakavitazama, wakatazamana, mmoja akasema hili ni jambo la mjini, waende wakaulize thamani yake huko kwanza ndipo wagawane. Hivyo ndivyo baba mdogo Lekishon alivyokuja kwetu Karatu, akiwa na fimbo, shuka mbili, na kimfuko kimefungwa kiunoni.

Nilimpenda baba mdogo kuliko ndugu wote wa baba. Nilipowainamishia kichwa kuwaamkia, kama watoto wa Kimaasai wanavyofanya, wengine waligusa na kupita, yeye alikiacha kiganja chake kichwani pangu na kuniuliza habari za shule, za mama, za kuku, hadi shingo iniume. Likizo zangu zote nilizipitisha kwake Malambo. Safari hii kiganja kiligusa na kuondoka. Alikuwa amekonda. Ng'ombe wake walikuwa wanakufa, na macho yake yalikuwa yameshahesabu mitamba ambayo sarafu zile zingemrudishia.

Baba naye alikuwa na hesabu zake. Alikuwa dereva wa lori la vitunguu kutoka Mang'ola, lori la mtu mwingine, na ndoto yake ilikuwa kuendesha lake mwenyewe kabla mgongo haujamgomea. Nadhani alikuwa ameshalipaka rangi kichwani. Mama, ambaye ni Mwiraqw wa hapahapa Karatu na hakuwahi kupoteza nafasi ya kusema, aliwatazama wanaume hao wawili wakinywa chai bila kuangaliana, akaniambia jikoni, "Hawa wametajirika tangu jana, na tayari wameshaanza kuchukiana."

Walikwenda kwa Mzee Abdalla, mwenye duka la mashuka na mablanketi karibu na msikiti. Nilikwenda nao, nikiwa nimeshika ncha ya shuka ya baba mdogo. Mzee Abdalla alikuwa na mizani ndogo ya vito vya fedha, na alifahamika kuwa mtu asiyedanganya. Alivisugua vile vitu kwa kidole, akaipima ile ya kifaru, akaigonga mezani na kusikiliza mlio wake.

"Hii ni fedha," alisema. "Hizi mbili sijui. Na hata hii, mimi najua uzito wake tu. Huyu kifaru aliyechorwa humu ana bei yake mwenyewe, na bei hiyo siijui. Kuna mnunuzi wa sarafu za kale hutoka Arusha kuja mnadani. Subirini mnada. Msizisugue, msizichokonoe, msubiri tu."

Lilikuwa shauri jema na rahisi kabisa. Tatizo likawa moja: hadi siku ya mnada, kimfuko kikae kwa nani?

Baba alisema kikae kabatini kwetu. Baba mdogo akasema kabati lile lina ufunguo mmoja, na ufunguo uko mfukoni mwa nani? Baba mdogo akasema basi kiendelee kukaa kiunoni kwake. Baba akasema kimekaa huko tangu msiba, na nani anajua kama viko vitatu tu, huenda vilikuwa vinne. Nilimwona baba mdogo akishtuka kama aliyepigwa kofi. Mzee Abdalla akajitolea kukiweka kwenye sanduku lake la chuma. Wote wawili walimshukuru kwa adabu sana, na wote wawili wakatazama pembeni. Mama aliposikia habari hiyo akasema atakishika yeye, na baba mdogo akajibu, kwa upole, "Shemeji, wewe unalala kwake." Mama akabamiza sufuria.

Kisha baba mdogo akanitazama. "Apewe Nashipai," alisema. "Huyu hana upande."

Nami kwa ujinga wangu nilifurahi. Nilivalishwa kimfuko shingoni, kamba ikafungwa fundo la baba juu ya fundo la baba mdogo, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Nilijiona malkia. Furaha hiyo ilidumu hadi nilipotaka kwenda chooni. Nilipoinuka, wanaume wawili wazima waliinuka pia. Nilipotembea, walitembea. Nilipofunga mlango wa choo, nilisikia kikohozi cha baba upande wa kulia na fimbo ya baba mdogo ikichora mchangani upande wa kushoto. Nilirudi bila kufanya kilichonipeleka.

Mnaweza kucheka, hata mimi nacheka sasa. Wakati ule sikucheka. Baba aliacha safari ya Mang'ola kwa sababu hakutaka kuniacha na mdogo wake, na mwenye lori akatuma mtu kuuliza kulikoni. Baba mdogo hakwenda kuwatazama ng'ombe wa malisho ya Oldeani kama alivyokusudia. Walikaa uani mchana kutwa, kila mmoja juu ya kigoda chake, macho yao kifuani pangu. Shuleni walinisindikiza wote wawili, na mwalimu alipowaona wamesimama nje ya dirisha alidhani kuna kesi. Nilikuwa sithubutu kukimbia wala kuruka kamba. Ugoro uliniwasha puani, nikipiga chafya wote wanashtuka na kutazama chini kama kuna kilichoanguka.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba kila mmoja alianza kunifuata akinipata peke yangu. Baba alininong'oneza, "Mwanangu, baba mdogo hajakigusa?" Baba mdogo aliniuliza akiwa amechuchumaa, uso wake karibu na wangu, "Nashipai, baba yako hajakigusa?" Nilipomjibu baba hapana, niliona haniamini. Nilipomjibu baba mdogo hapana, niliona naye haniamini. Nilikuwa nimeambiwa sina upande, na kumbe maana yake ni kwamba hakuna aliyekuwa upande wangu. Nikaanza kukataa chakula. Mama akapandisha sauti, wakamwambia avumilie, mnada umekaribia.

Sikukivaa hadi siku ya mnada. Asubuhi moja, wakati wa kunifunga sweta, baba alivuta kamba kuangalia fundo, na baba mdogo akaushika mkono wake. Hawakupigana. Walishikana tu mikono, kamba ikiwa katikati na shingo yangu ikiwa ndani ya kamba, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia. Nilipiga ukelele ambao majirani waliusikia hadi barabarani. Mama alitoka jikoni na kisu cha kukatia mboga, akaikata kamba ile, akakitupa kimfuko katikati ya ua.

"Kigawaneni sasa hivi," alisema, "au mtoke wote kwangu."

Ndipo wakapata wazo ambalo hadi leo sijasikia watu wengine wakilipata. Kwa kuwa hawakujua kipi kina thamani na kipi hakina, na kwa kuwa ng'ombe aliyechinjwa hugawanywa kila mtu akapata sehemu yake, walikubaliana kukata kila kimoja nusu kwa nusu. Hapo hakuna wa kumpunja mwenzake. Wazo hilo liliwafurahisha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kuwaona wakikubaliana, na nakumbuka walitembea bega kwa bega kwenda kwa fundi baiskeli, mimi nikiwafuata nyuma na shingo yenye alama nyekundu.

Fundi aliibana medali ya manjano kwenye jiliwa kwanza. Baba mdogo ndiye aliyeiamini hiyo. Alikuwa na uhakika ni dhahabu. Msumeno wa chuma ulianza kulia, sauti mbaya ya kukereza meno, na sote tulitazama unga uliokuwa unaanguka kwenye kipande cha gazeti. Punje za mwanzo zilikuwa za manjano. Kisha ukaanza kuanguka unga mwekundu, wa shaba tupu, na ukaendelea hivyohivyo hadi medali ikaachana. Dhahabu ilikuwa ngozi tu juu yake. Baba mdogo alikitazama kipande chake, na jasho likamtoka puani.

Wangeweza kuishia hapo. Fundi mwenyewe aliwauliza. Lakini kuishia hapo maana yake ni kumbakiza kifaru mzima, na kifaru mzima lazima akae kwa mtu. "Kata," alisema baba. "Kata," alisema baba mdogo. Nilitamani kusema msimkate, babu alimpenda, lakini nilikuwa nimeshaogopa sauti yangu mwenyewe. Msumeno ulipita tumboni mwa kifaru taratibu. Fedha ni laini, haikulia sana. Baba akachukua upande wa kichwa kwa kuwa yeye ni mkubwa, baba mdogo akachukua upande wa mkia, na kwa mfalme wa bibi wakafanya vilevile, mmoja akapata sikio na mwingine ndevu. Kimfuko kitupu kilibaki kwenye benchi la fundi. Nilikiokota mimi.

Siku ya mnada kila mmoja alikwenda kwa njia yake. Nilikuwa na baba. Mnunuzi kutoka Arusha alikuwa mtu mnene mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, ametandika kitambaa cheusi juu ya meza. Baba alipomwekea vipande vyake, alishusha miwani ya kichwani, akaguna kama mtu aliyeonyeshwa kidonda.

"Nani amefanya hivi? Nusu nyingine ziko wapi?"

"Hapa," sauti ilisema nyuma yetu. Baba mdogo alikuwa amesimama kwenye msururu.

Mnunuzi alivipanga vipande juu ya kitambaa na kumsogeza kifaru hadi kichwa kikakutana na mkia. Havikukutana sawasawa. Katikati mlikuwa na mstari mweusi, pale msumeno ulipopita. "Mnaona?" alisema. "Hata mkiviunganisha, kuna sehemu imeshaliwa. Haipo tena."

"Ingekuwa nzima?" baba aliuliza.

Mnunuzi alifikiri. Alieleza kwamba ya mwenge zilitolewa nyingi, ya mfalme ina tundu, na ya kifaru ni nzuri ila si adimu kama watu wanavyodhani. "Zote tatu, zikiwa nzima? Ningewapa bei ya kondoo mmoja. Jike zuri, lakini."

"Kondoo," alisema baba mdogo.

"Kondoo."

"Mmoja?"

Mnunuzi aliinua kidole kimoja. Baba mdogo alichukua vipande vyake kimoja kimoja, akavifunga kwenye pindo la shuka, akaondoka kupitia katikati ya mbuzi na watu bila kumuaga baba wala kunigusa kichwa. Baba alibaki amesimama hadi mnunuzi akamwomba ampishe mteja mwingine. Nyumbani, mama alipoambiwa, alicheka hadi akakaa chini, na alipomaliza kucheka niliona anafuta machozi ambayo hayakuwa ya kicheko.

Likizo iliyofuata sikwenda Malambo. Hakuna aliyesema nisiende. Hakuna aliyesema niende. Madereva waliotoka Wasso walituletea habari kwamba ukame umezidi na Lekishon amebakiwa na wanyama wa kuhesabika. Baba alizisikiliza habari hizo akiwa ameinama chini ya lori, akigonga kitu ambacho nadhani hakikuhitaji kugongwa. Nilimkumbuka baba mdogo kila nilipokinusa kile kimfuko, na nilikinusa mara nyingi.

Alikuja bila taarifa, jioni mvua za kwanza zilipoanza kunyesha. Alishuka kwenye lori la mahindi akiwa na kondoo jike begani. Wakati kondoo wengine walikuwa wamebaki na ngozi tu, alikuwa amemtunza huyu mmoja akanenepa. Alimshusha mbele ya baba, akamkabidhi kamba.

"Wa nini?" baba aliuliza.

"Ni wa zile sarafu za mzee. Bei yake yote. Chukua, usinigawie."

Baba aliishika kamba ile hadi mvua ikamlowesha shati lote. Nilidhani watagombana tena, nikajishika shingo. Kisha baba mdogo akasema neno moja, kwa sauti ya chini, kama anajaribu kama litakubali.

"Paker."

Baba alimtazama. "Paker," akajibu. Baba mdogo akageuka akaniona mlangoni, akaniita, nikamwinamishia kichwa, na kiganja chake kikakaa pale hadi shingo ikauma.

Tangu siku hiyo hawakuitana kwa jina lingine. Utotoni nilifurahi sana. Niliwaambia wenzangu shuleni kwamba baba na baba mdogo wamepata jina jipya zuri, kama la babu na rafiki yake wa Piyaya. Nilishangaa kwa nini mama, kila alipolisikia, aliinamisha macho na kuendelea na kazi.

Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, siku ya kumzika baba. Baba mdogo alisimama kando ya kaburi, mzee sasa, akifunga na kufungua pindo la shuka. Kila mtu alimtazamia aseme "kaka yangu". Alisema, "Paker," kichwa kikiwa kimeinamishwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Ndipo nikamkumbuka baba akicheka na kusema wao wametoka tumbo moja, wapeane nini tena. Undugu wa tumbo moja ulikatwa siku ile kwa fundi baiskeli, nikiona kwa macho yangu, na waliokuja kuwa ndugu baada ya hapo walikuwa watu wawili waliofungamana upya kama wageni, kwa kondoo. Walilijua hilo wote wawili kila walipoitana. Waliitana hivyohivyo hadi mwisho.

Baada ya mazishi alifungua pindo la shuka na kunipa upande wa mkia. Upande wa kichwa nilikuwa nao tayari, nimeachiwa na baba. Nimeviweka vyote katika kimfuko cha babu, na wanangu wakiniomba niwaonyeshe, huwa navisogeza mezani hadi vinakaribiana kabisa.

"Mama, thamani yake ni kiasi gani?" wananiuliza.

Nawaambia ni kondoo mmoja. Wanacheka, wanadhani nawatania.